Ufagio wa Toleo la Nne

Saa mbili asubuhi Fundi alifungua ofisi ya hati za nyumba, akawasha kompyuta, akapuliza vumbi kwenye kibodi, kisha akasema kwa sauti, "Shangazi yangu, dada yake baba." Hakuwa anaongea na mtu. Alikuwa anamtaja tu, maana asiyetajwa na mtu yeyote hadi saa kumi alasiri hufagiliwa.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Lugha ya kompyuta iliyoendesha ofisi ile ilikuja kwa matoleo, na kila toleo lilipopakiwa kwenye mashine, foleni ya watu nayo ilifuata kanuni zake. Toleo la kwanza lilitaka kila kitu kijieleze ni cha aina gani kabla hakijatumika. Shangazi, mjane aliyeandamwa na shemeji anayetaka kumtoa kwenye nyumba, alisimama dirishani akasema, "Mimi ni mtu. Si namba, si orodha." Karani akagonga muhuri, akamwambia asubiri sahihi ya Bosi.

Toleo la pili liliona huo ni usumbufu mtupu, likaacha kuuliza. Basi jiwe la kuzuia mlango likachanganyika na maombi, likapewa nyumba ya vyumba vitatu. Bosi alitia sahihi bila kusoma, akatoka mara moja kunywa chai, na hadi leo hajarudi. Koti lake lilibaki kwenye kiti.

Toleo la tatu lilileta kusubiri bila kusimama: unaacha kivuli chako kwenye foleni, wewe unakwenda zako. Hilo watu walilipenda. Shangazi aliacha chake, akaenda kufua.

Ufagio ulikuja na toleo la nne. Vitu visivyotajwa vilikuwa vinajaza kumbukumbu ya mashine, kwa hiyo lugha ikajifunza kuvifagia yenyewe. Fundi ndiye aliyeupakia, na alijisifia wiki nzima. Siku ya kwanza zilikwenda kalamu zilizokauka, mlinzi wa zamu ya pili na lile jiwe. Ndipo Fundi alipoanza kumtaja shangazi yake kila asubuhi. Shemeji mtu alimwita "yule" tu, na hilo halihesabiwi.

Siku ya kupakia toleo la tano alisahau. Alikuwa ameinamia mashine tangu alfajiri, hata chai hakuonja. Saa kumi na dakika tano alipiga simu nyumbani kwa shangazi. Jirani akapokea, akasema maji yanachemka jikoni, mwenyewe hayupo. Fundi aliketi sakafuni akalia, kwani ule ufagio ulikuwa kazi ya mikono yake. Kivuli cha shangazi kilikuwa bado kwenye foleni, cha pili kutoka mbele.

"Hili jipya linarudisha waliofagiliwa," karani alimwambia, akisoma maelezo. "Mradi wawe na hati yenye sahihi."

Na kweli, jiwe lilikuwa limesharudi mlangoni.

Fundi akapiga hesabu. Bosi akifagiliwa, sahihi inahamia kwa naibu, na naibu anakuja kazini kila siku, kalamu mfukoni. Tatizo ni kwamba Bosi hafagiliki ng'o. Nyumbani kwake walishaacha kumtaja, lakini pale ofisini alitajwa mara mia kwa siku. Fundi akawaita wenzake, akaonyesha koti kwa kidevu.

"Jamani, kesho tu. Huyu asitajwe na mtu."

"Midomo tutaishona," karani alisema.

Na waliishona. Simu zililia zikanyamaza. Naibu alijaza wino kwenye kalamu, akakaa mkao wa kula. Kufika saa tisa na nusu, koti lilikuwa limepauka hata ukuta wa nyuma yake ukaonekana, na Fundi alikuwa hakai kwa furaha.

Saa kumi kasoro dakika mbili, kivuli cha shangazi kilifika dirishani. Karani akainua kichwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewaambia wote waliofika pale maneno yaleyale, na wala hakuwa mtu mbaya.

"Pole, mama," alisema kwa upole. "Bosi hajafika. Jaribu kesho."

Koti likarudia weusi wake. Naibu akafunika kalamu. Fundi alizima mashine, akakiambia kivuli, "Tutaonana kesho, shangazi," nacho kikaenda kusimama mwisho wa foleni, nyuma ya jiwe, ambalo lilikuwa limeleta maombi ya nyumba ya pili.