Maji ya Kunawa

Mwalimu Kerrow, aliyetufundisha utafiti pale Garissa mjini, alikuwa na amri moja: mtazame mtoto, usimsemeshe, usimsifu, andika. Sisi wanafunzi wa ualimu wa chekechea tuliitikia tu. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba kwetu Bura, ukimkazia macho mtoto wa mtu bila kusema mashallah, umempiga jicho baya.

Nilimchagua Ikran, binti wa jirani yangu Kaaha. Kila asubuhi nilikaa karibu na ua wao nikimtazama akijenga zizi la vijiwe, nami kimya, mdomo kama umeshonwa. Nilitaka cheti, nifundishe watoto wa kwetu. Sikutaka kingine chochote duniani.

Kisha ikaja ile mvua ya mwaka wa tisini na saba. Mafuriko yakakata barabara, mbu wakajaa, Ikran akashikwa na homa. Kaaha akanijia na beseni mikononi, majirani nyuma yake.

"Istar, abaayo, dada yangu, nawa," alisema. "Nimwogeshe mtoto kwa maji yako. Jicho lako limempata."

"Ni malaria hiyo, Kaaha. Mpeleke zahanati."

"Nawa kwanza, ndipo nitampeleka."

Nilijua maana ya maji yale. Anayenawa amekiri, na nani atamkabidhi mwanawe kwa mwalimu mwenye jicho? Nilitamani ardhi inimeze. Nilimkasirikia Kaaha, nikamkasirikia Kerrow na utafiti wake. Lakini mtoto alikuwa akiweweseka ndani, na ubishi wetu ungemmaliza. Nikanawa uso na mikono mbele ya wote. Kaaha akammwagia Ikran yale maji, kisha akambeba hadi zahanati, mtoto akadungwa sindano.

Ikran akapona. Bura nzima ikasema ni maji. Sindano hakuna aliyeitaja.

Cheti nilikipata. Nikatandika mikeka katika darasa la chekechea pale Bura, nikangoja wiki nzima, asije hata mtoto mmoja. Siku ya mwisho akaja Kaaha peke yake na kibuyu cha maziwa, akanishika mikono akilia kwa shukrani. Nikamwuliza Ikran yuko wapi.

"Nimemwacha nyumbani," alisema, macho chini. "Wewe mwenyewe unajua, abaayo."

Nilijua. Nikayapokea maziwa, nikaanza kukunja mikeka.