Kobe Anamposa Kanga

Huu ulikuwa mwaka wa tatu Limbu akiimba upande mmoja tu wa wimbo wake. Asubuhi akifungulia ng'ombe anaimba maneno ya Kobe, kisha pale Kanga anapotakiwa kujibu ananyamaza, anahesabu mapigo kwa ulimi, halafu anaendelea na ubeti unaofuata. Ng'ombe hawakujali, na nyumbani hakukuwa na mwingine wa kujali.

Kijiji kizima cha Migato kilimjua Limbu kama manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, na wimbo uliompa jina ni huo wa Kobe kumposa Kanga. Waliuimba harusini, waliuimba kwenye palizi ya pamba. Mgombea mmoja wa udiwani, ambaye jina lake halistahili wino, aliwahi kuuchomeka kwenye kampeni akamgeuza Kanga kuwa mpiga kura. Kwa Kisukuma ni mtamu zaidi, lakini kwa Kiswahili Kobe anaanza hivi:

*Kanga wee, mwenye vazi la madoa,*
*nimekuja na nyumba, nataka kukuoa.*
*Haivuji masika, haidai bati,*
*ingia mpenzi wangu, tukae katikati.*

Watu wanampenda Kobe, lakini wanayemsubiri ni Kanga. Kanga ndiye anayewavunja mbavu:

*Kobe wee, nyumba nimeiona, ni nzuri,*
*ukuta ni imara, paa lina fahari.*
*Ila nimechungulia ndani, Kobe bwana:*
*umejaa peke yako, nafasi ya mke hakuna.*

Ubeti huo, na beti zote za Kanga, na tukisema kweli hata za Kobe, zilitungwa na Minza, mke wa Limbu, akiwa ameinama na jembe msimu ule mvua ilipokatika mapema na pamba ikadumaa. Limbu alitia sauti nene tu. Kwa miaka thelathini mume akapewa mbuzi, akapewa sifa, akapewa kiti cha mbele; mke akapewa sufuria ya kuwapikia wageni wa manju. Nyimbo za namna hiyo zimejaa huku kwetu, na sikumbuki hata moja ambayo mtu aliuliza nani hasa aliitunga.

Huu uliulizwa. Afisa mmoja alikuja kutoka Bariadi na daftari, anakusanya nyimbo za kutia kwenye kitabu.

"Huu wa Kobe, mtunzi nani, mzee?"

Minza alikuwa amepiga goti anawanawisha mikono.

"Mimi," Limbu akasema.

Afisa akaandika. Minza akamaliza kumimina maji, akajifuta kwenye kitenge, akaenda jikoni. Wiki iliyofuata akapanda basi kwenda Mwandoya kwa binti yao, Shida, na hakurudi. Majirani walisema karogwa, wengine kaokoka, wengine kachoka na uzee wa mume. Limbu aliwaacha waseme. Uongo wao ulimfaa.

Mwaka huu, pamba ilipokwisha kuuzwa, kundi lake likaalikwa kushindana Bariadi. Mashindano yetu ya ngoma hayahitaji majaji. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, watu wanahama huku na kule, na jioni kundi lenye watu wengi ndilo limeshinda. Kazi ya manju ni kuvuta watu: kwa dawa, kwa nyoka, kwa matusi, kwa vichekesho. Hakuna neno la manju uwanjani ambalo mtu mzima analichukua kama lilivyo.

"Manju, upande wa Kanga naujua wote," Specioza alimwambia siku ya mazoezi. Alikuwa mama wa watoto wawili, mwenye sauti ya kufukuza ndege shamba zima.

"Umejifunza wapi?"

"Kwa mayu Minza, kisimani. Ulidhani alikuwa anateka maji tu?"

"Ukiimba na mimi watu watasema nimeoa."

"Nani aolewe na wewe? Hata paka wako kahamia kwetu."

Wanawake wakacheka. Limbu naye akacheka, kisha akasema wasubiri kwanza, atakwenda kumwomba mwenyewe.

Alimkuta Minza uani kwa Shida akipepeta choroko.

"Mwangaluka, Mama Shida."

"Mhola. Kigoda hicho hapo."

Akakaa. Minza hakuuacha ungo.

"Jumamosi tunashindana Bariadi," Limbu akasema. "Nimekuja unisaidie sauti."

"Sauti ya nani?"

"Ya Kanga."

"Si umeitunga wewe? Shida kanisomea kitabuni. Ukurasa una picha yako umevaa manyoya."

"Yule afisa aliuliza ghafla."

"Aliuliza jina, Baba Shida. Hakukuuliza hesabu."

Limbu akatazama chini. Alikuwa amejiandaa njia nzima kusema kwamba ng'ombe wanatoa maziwa mengi, kwamba paa la jikoni amelitengeneza. Yote hayo akayaacha.

"Nikisema mbele za watu kwamba ni wako, utarudi?"

"Ukisema, utakuwa umesema," Minza akajibu. Akampa ugali, akamtengea maji ya kunawa bila kupiga goti, na basi la mchana likamrudisha Limbu peke yake.

Jumamosi uwanja ulijaa. Wapinzani wao wa ng'ambo ya uwanja walikuwa na chatu na vijana wa kuruka juu ya majembe, na mwanzoni watu wote walikuwa kwao. Mshereheshaji akatangaza kwenye spika kwamba sasa anaingia mtunzi wa Kobe na Kanga, manju Limbu wa Migato. Limbu akamnyang'anya maiki.

"Wimbo huu si wangu," akasema. "Kautunga mke wangu, Minza ng'wana Ndalahwa. Yuko Mwandoya. Mimi nilimwibia."

Halafu mzee mmoja akaangua kicheko.

"Kakimbiwa, sasa anabembeleza na spika!"

"Mwongezeeni sauti, Mwandoya ni mbali!"

"Ni kweli," Limbu akasema. "Nawaambieni ni kweli. Hata neno moja sikutunga."

Ndipo wakacheka hasa. Akaapa kwa kaburi la baba yake, na mama mmoja akakaa chini ameshika tumbo. Ng'ambo wakasikia kicheko, wakaanza kuvuka kuja kuona kuna nini. Kila alivyosisitiza ndivyo walivyozidi kuja. Machozi yakamtoka Limbu, na hapo wakapiga makofi, kwa sababu hawajawahi kuona manju anayeweza kulia akitaka.

Specioza peke yake hakucheka. Alipoona manju anaumbuka akaanza maneno ya Kanga, ngoma zikaingia, ikabidi Limbu aimbe. Jioni chatu alikuwa amebaki na mwenye chatu. Migato wakapewa ng'ombe dume, na vijana wakambeba Limbu mabegani wakamzungusha uwanja mzima. Kule juu hakuwa na mtu wa kumwambia kitu.

Alipoteremshwa akamwomba Specioza simu.

"Video imeshafika kila mahali, manju," Specioza akamwambia. "Wameiandika Babu Analilia Mke."

Minza alipokea.

"Nilisema," Limbu akasema.

"Nimeona. Shida kanionyesha."

"Nilisema kweli tupu, Mama Shida."

"Nimeona walivyocheka. Jirani yake Shida kacheka mpaka kamwaga uji."

Limbu akabana simu sikioni. Nyuma yake wanaume walikuwa wanabishana dume lichinjwe lini.

"Ulisema kwenye ngoma," Minza akasema. "Pale hata ukitangaza msiba watu watacheza. Sema siku isiyo na ngoma." Akakata.

Jumatano kulikuwa na mkutano wa kijiji, ajenda ni tembo wanaoingia kwenye mahindi. Ilipofika mengineyo, Limbu akasimama. Hakuvaa manyoya. Alisema maneno yale yale, taratibu, kama mtu anayetoa ushahidi, akaomba yaandikwe kwenye muhtasari na barua ipelekwe kwa wenye kitabu.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alimtazama mtendaji, mtendaji akatazama kalamu yake.

"Kwa hiyo miaka yote ile tulikuwa tunampa mbuzi mtu asiye mwenyewe," akasema mmoja wa wacheza ngoma wake wa zamani. Limbu akasema ndiyo.

Mkutano ukafungwa kwa sala. Watu walipita pembeni yake bila kumpa mkono, hata wale waliokula dume. Mmoja alisema si vizuri mtu mzima kujivua nguo hadharani. Limbu akabaki peke yake kwenye benchi nje ya ofisi akisubiri nakala ipigwe muhuri.

"Utaipeleka Mwandoya?" mtendaji akamuuliza.

"Kesho."

"Atarudi?"

"Sijui," Limbu akasema. "Hebu nionyeshe jina lake ulivyoliandika."