Pindo la Ukurasa

Niliota jana, tena mchana kweupe, saa nane hivi, kichwa nimekilaza kando ya kompyuta. Mimi si mtu wa ndoto, nikilala nalala. Kwa hiyo naieleza kama ilivyokuwa, atakayecheka acheke.

Kwanza mjue nilichokuwa nahangaika nacho. Dada yangu Siwema ndiye aliyebaki na duka la ushonaji la marehemu baba yetu, Fundi Mhando, pale Korogwe. Alinipa kazi ya kulitengenezea tovuti, akataka iwe tayari saa kumi. Picha ya baba tunayo moja tu duniani. Amepiga magoti, pini mdomoni, ananishonea pindo la sketi ya shule hapo hapo mwilini. Mimi nimesimama mbele yake, nina miaka saba, nimenuna. Basi kile kisanduku cha picha juu ya ukurasa kilikuwa kinambakiza mmoja tu. Nikivuta huku, baba anakatwa. Nikivuta kule, nakatwa mimi.

"Jikate wewe, Tatu," Siwema aliniambia kwenye simu. "Wateja hawanunui sura yako."

Sawa, lakini nikijikata, baba anabaki amepigia magoti hewa. Sikuweza. Sketi yenyewe ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma yangu, Siwema aliileta niipige picha. Pindo lake bado limekunjwa. Baba alisema atalifumua nikirefuka, akafariki kabla sijarefuka.

Hapo ndipo nikasinzia, kidole bado kinavuta pembe ya picha.

"Tatu," kisanduku kikasema, "hilo unalolivuta ni sikio langu."

Nikaliachia, nikaomba radhi.

"Unanitaka niwe na ukubwa gani?"

"Wa kutosha watu wawili."

"Basi waombe wenzangu. Mimi nikipanuka, wao wanabanana."

Naangalia, niko dukani Korogwe. Harufu ya pasi ya mkaa ile ile. Kwenye benchi la wateja wameketi watu wembamba kumi na wawili, wote kimo kimoja, bega kwa bega. Nawajua mara moja: ndio zile safu kumi na mbili zinazogawana upana wa ukurasa wa tovuti.

"Naomba msogee kidogo," nawaambia.

"Tusogee wapi?" anauliza wa mwisho, bibi mwenye miwani. "Tuko kumi na wawili tangu ukurasa uanze. Ukimwongezea mmoja upana, mimi naenda chini."

Navuta hivyo hivyo. Bibi anaenda chini. Anajipangusa vumbi, anakaa sakafuni, anaweka mkoba wake magotini. "Sina neno," anasema. "Endelea tu, mwanangu."

Kwenye pembe ya picha linaning'inia kufuli dogo. "Usinifungue," linasema. "Mimi ndiye ninayeshikilia upana na urefu viende pamoja."

Nalifungua. Ndivyo nilivyo, nikikatazwa ndiyo nafanya. Baba anaanza kupanuka. Anapanuka kama chapati inayosukumwa, mpaka mashavu yake yanagusa kuta zote mbili za duka, na kimo kiko pale pale.

"Nani kanipanua?" anauliza, pini mdomoni.

"Mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Umepima kabla ya kuvuta?"

"Hapana."

"Ndiyo maana."

Sauti hiyo sikuwa nimeisikia kwa miaka thelathini. Ilikuwa inapenya katikati ya pini na kutokea upande wa kushoto wa mdomo, kama zamani. Nilimkumbuka, naye yuko mbele yangu. Yeye hana habari. Anajirudisha kwenye unene wake, anafunga kufuli, anachukua futi shingoni na kuupima ukurasa wote.

"Upana mmeumaliza," anasema. "Lakini nani kakwambia nguo inaongezwa upana peke yake?"

Anapiga magoti, anaufunua ukurasa kwa chini. Kumbe una pindo. La vidole vinne, kama kawaida yake.

Mafundi wenzake walikuwa wakimcheka kwa vidole vinne vile, eti anakula kitambaa cha watu bure. Shuleni nilichekwa mimi, maana pindo nene liliifanya sketi isimame yenyewe kama ndoo. Ndiyo maana kwenye picha nimenuna. Nilikuwa nimetoka kumwambia kwamba naona aibu kuvaa nguo zake. Hakujibu, alikuwa na pini mdomoni.

"Baba," namwambia, "ile siku ya picha nilisema vibaya."

"Nilisikia. Shika hapa, usitikisike."

Nashika. Anafumua kwa wembe, mshono mmoja mmoja, bila haraka. Ukurasa unashuka. Safu zote kumi na mbili zinashuka nao, pamoja na benchi, na bibi anapata pa kukaa. Juu yao imebaki nafasi, na picha inaingia pale kwenye mstari wake peke yake. Watu wawili, hakuna aliyekatwa.

"Ungemuuliza mapema," bibi ananiambia.

Baba anatema pini kiganjani, moja baada ya nyingine. Zimeisha. Kwa mara ya kwanza mdomo wake uko mtupu, na mimi nangoja jibu langu la miaka thelathini.

"Simu yako inalia," anasema.

Nikaamka. Alikuwa Siwema, yuko mlangoni, anauliza kama nimemaliza. Kwenye kompyuta picha ilikuwa kwenye mstari wake, baba mzima na mimi mzima. Hilo halikunishtua. Kidole changu kilikuwa bado pale, labda kilifanya kazi chenyewe.

Siwema akaingia, akaitazama picha. Kisha akaitoa sketi msumarini. Pindo lilikuwa limeshuka. Sketi imechujuka miaka mingi, lakini kwa chini kulikuwa na ukanda wa bluu iliyokoza, bluu ya siku ile sketi ilipokatwa. Akaupima kwa mkono. Vidole vinne.

"Nani kakufumulia?"

"Baba."

Akakaa kwenye kiti changu, sketi mapajani. Akapitisha kidole gumba kwenye ule ukanda, mwanzo hadi mwisho.

"Basi ipige pasi," akasema. "Alama ya kunjo bado inaonekana."