Mwiko wa Mbawala

Wasomaji watatu walimngoja Dativa kwenye baraza ya duka la vifaa vya shule, Kilwa Masoko, kila mmoja na toleo jipya mkononi. Dativa ndiye aliyeandika na kuchora katuni za Mbawala, shujaa wa milima ya Umatumbi anayeng'oa milango ya chuma kwa mikono. Alikuja akitarajia sifa.

"Dada Dativa, karibu mahakamani," alisema Mwalimu Abdulrazak. "Ukurasa wa tisa. Mshtakiwa anaogelea baharini."

"Anaokoa abiria wa kivuko."

"Tumeona. Lakini toleo la kwanza lilisema mwiko wa ukoo wake ni maji ya chumvi. Akiyagusa, anakufa. Hapa kayagusa, kayanywa, kisha kaibuka anacheka."

"Mwiko huondolewa," alijibu Dativa. "Kila mtu anajua."

"Huondolewa kwa unga," alidakia Leonadi, fundi baiskeli wa Likawage. "Nani alimwaga unga wa mtama chini ya mti? Mzee gani aliita mababu? Ninyi watu wa Kinjumbi mnadhani mwiko ni shati, mtu anavua tu akitaka kuoga."

Walicheka. Dativa naye alicheka, maana kosa lilikuwa lake. Alikuwa na haraka ya kuchora mawimbi, na tambiko hakulikumbuka kabisa.

"Basi toleo lijalo nitachora tambiko," alisema. "Nitaonyesha kwamba lilifanyika kabla hajaingia baharini. Kurasa mbili zinatosha."

"Hazitoshi," alisema Monika.

Monika alikuwa mkulima wa ufuta kutoka Njinjo, na hadi hapo hakuwa ametamka neno. Alifungua toleo la tatu, lililochakaa hadi jalada likashonwa kwa uzi. Katika toleo hilo mdogo wake Mbawala alizama pale mto unapoingia baharini. Mbawala alisimama ufukweni akiita jina lake mpaka sauti ikakauka.

"Kama unga unatosha kuondoa mwiko," alisema, "kwa nini haukumwagwa kabla ya siku hii?"

Mwalimu alikohoa. Leonadi aliangalia viatu vyake.

"Hilo sikulifikiria, dada yangu," alisema Dativa.

"Mwaka wa mafuriko, mto Matandu ulimchukua mdogo wangu, Faustino. Nilikuwa ukingoni. Sijui kuogelea. Watu waliniuliza mbona nilisimama tu, na bado wananiuliza. Niliposoma toleo hili nikaona kumbe mtu anaweza kusimama pale asiwe na hatia, kwa kuwa hana njia. Sasa huyu umempa njia."

"Nitaandika kwamba siku ile hakujua kama mwiko huondolewa."

"Umesema sasa hivi kila mtu anajua."

Dativa alilitazama lile toleo la tatu.

"Wewe ndiye mwandishi," Monika aliendelea. "Niambie mimi. Siku ile angeweza kumwokoa?"

Dativa alikumbuka kwamba alipokuwa akichora ukurasa wa tisa, mkono wake ulimwogelesha Mbawala kwa wepesi, kama mtu aliyekuwa akiweza siku zote.

"Asingeweza," alisema.

Monika alimtazama, akatikisa kichwa taratibu kama mtu asiyesadiki. Aliweka toleo la tatu juu ya benchi, akachukua kikapu chake.

"Nawahi gari la Njinjo. Mbaki salama."

Aliondoka bila kugeuka. Dativa alichukua lile toleo lenye uzi, akasimama ukingoni mwa baraza, akiita jina la Monika.