Ngoma Kumi na Tatu, Kiberiti Kimoja

Mimi ni muuguzi, nina miaka hamsini na minane, na kwa hasira sijambo. Katika nyumba yetu ya matibabu, hapa Barrio Palermo, Montevideo, mimi ndiye ninayepekua mifuko ya vijana wanaoingia. Visu, vidonge, vibomba, viberiti, vyote vinaishia kwenye droo yangu. Moto kwetu ni marufuku, hata jiko ni la umeme.

Braian alikuja mwezi wa Oktoba, ana miaka kumi na tisa, amebaki mifupa. Alikuwa akivuta pasta, yale makapi ya kokeini, na papo hapo akisikia sauti ya mtu asiyeonekana, ambaye mwenyewe alimwita Jirani. Mama yake, doña Zulma, alikuwa amezungushwa pamoja naye kutoka hospitali hadi hospitali miaka miwili. Waliotibu uraibu walimwambia kijana atibiwe kichwa kwanza. Waliotibu vichwa wakamwambia aache pasta kwanza. Kila nikikumbuka damu inanichemka. Mtoto ni mmoja, sasa walitaka amkate nusu kwa nusu? Kwetu alipata vyote chini ya paa moja: sindano yake ya kila mwezi, mazungumzo na Daktari Etcheverry asubuhi, na mchana ngoma.

Ngoma alifundisha Anahí, ambaye miaka sita nyuma nilimpekua mfuko yeye pia. Alimpa Braian chico, ile ndogo inayoshika pigo lile lile mwanzo hadi mwisho na haipati nafasi ya kujionyesha. Wiki ya kwanza Braian aliacha kupiga katikati. Alisema Jirani anamwambia anachelewa.

"Mwambie Jirani aje abebe ngoma yake," Anahí akamjibu. "Kama hana mikono, atuache tufanye kazi."

Chumba kizima kilicheka, na Braian akacheka nao, mara ya kwanza tangu aje. Toka siku hiyo Jirani akawa mtu wa nyumbani. Tulimuuliza Braian kila asubuhi kama Jirani amemwacha alale, naye alitujibu bila aibu.

Tulikuwa tutoke na ngoma zetu mtaani, kwenye gwaride la wapiga ngoma, Jumapili moja ya Februari. Wiki tatu kabla, Braian alikwenda kwao na akapotea siku mbili. Jumatatu alirudi kwa miguu yake, nguo zile zile, midomo imeungua. Kabla sijampekua aliweka kiberiti cha gesi cha njano mezani kwangu.

"Nimevuta, Mama Nilda. Niandike."

Nikaandika. Na kwenye kikao nikasema asitoke na ngoma. Daktari aliniuliza kama nitamnyima na sindano pia, kwa kuwa amerudia kuvuta. Nikasema sindano ni dawa. Akaniuliza ngoma ni nini. Nikanuna, na wenzangu wakaamua atoke. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mtaani siku ile kuna mvinyo, kuna moshi, kuna marafiki wa zamani, na nimeshapoteza vijana wawili kwenye kona hizo hizo. Braian alikuwa nje ya mlango na alisikia kila neno. Wiki tatu nzima akawa ananisalimia kwa adabu sana, na adabu ile iliniumiza.

Jumapili ikafika, jua la saa kumi. Tulikuwa na ngoma kumi na tatu tulizozipaka rangi wenyewe, na doña Zulma na chupa yake ya maji ya moto kwapani, akimgawia kila mtu mate, ile chai yetu ya majani machungu. Upepo wa mtoni na unyevu wake ulikuwa umelegeza ngozi zote. Ukipiga, ni kama unapiga unga uliokandwa. Anahí akapanga magazeti na maboksi barabarani ili tuyawashe na kuzikaza ngozi kwa joto lake, kisha akaomba moto.

Tulikuwa na maji, plasta, dawa za kila mmoja kwenye bahasha yenye jina lake. Moto hatuna. Tuliupiga marufuku vizuri mno, hakuna aliyeukumbuka. Anahí alikaa chini kwenye ukingo wa barabara akacheka mpaka akashika mbavu. Daktari akasema ataenda kuomba kwa kikundi cha kona ya pili.

"Ninacho," nikasema.

Nikatoa mfukoni mwa aproni kiberiti cha njano. Nilikuwa nakibeba wiki tatu, kwa sababu hata droo yangu sikuiamini. Braian alikitambua. Akashusha chico yake, akaja akanyoosha mkono.

"Nipe niwashe, Mama Nilda."

"Jirani anasemaje?"

"Anasema unaniogopa."

"Anasema kweli. Naogopa."

"Hata mimi."

Nikampa. Alipiga magoti, akawasha gazeti, upepo ukalizima. Akawasha tena, akakinga kwa mwili wake, na safari hii maboksi yakashika. Akabaki ameutazama ule moto mdogo wa kiberiti mkononi mwake, ule ule aliowashia pasta. Kisha akauzima. Akaja, akakirudisha kiberiti mfukoni mwangu, akafunga kifungo cha mfuko kwa mkono wake.

"Kitunze," akasema. "Mwakani tutakihitaji tena."

Doña Zulma alisimamisha chupa hewani, maji yakamwagika. Miaka miwili hakuwahi kumsikia mwanawe akitaja hata kesho.

Ngozi zikakaza. Anahí akapiga pigo la kwanza, kumi na wawili wakamfuata, na chico ya Braian ikalia safi kabisa. Nilifurahi kupita kiasi, nikasimama mbele yake katikati ya barabara nikimwomba radhi mbele za watu. Akainua fimbo yake bila kupoteza pigo, akaniambia nisogee, nimewazibia njia.