Mkono wa Kushoto wa Gathogo

Kwa miaka kumi na tisa nimesoma mifupa ya watu wa kale, na nilikuwa najisifu kwamba haijawahi kunitisha. Kiburi hicho kiliniishia Jumanne moja saa sita mchana, huko Othaya.

Mafundi waliokuwa wakichimba msingi wa bweni la shule walikuta fuvu, tukaitwa. Pale palikuwa na handaki ambalo mkoloni aliwalazimisha akina mama kulichimba kuzunguka kijiji chetu wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya miaka ya hamsini. Chini kabisa alilala mwanamume wa miaka thelathini hivi, kisogoni ana tundu la risasi. Nilikuwa nimejaza fomu na kumfunika kwa turubai, sijamwambia mtu lolote, mama yangu alipofika na chupa ya chai.

Mama anaitwa Watiri, ana miaka sabini na sita. Kwetu mtoto wa pili wa kiume hupewa jina la babu mzaa mama. Mama alikataa katakata. Baba yake, Gathogo, alitoroka mwaka wa 1954 akaenda Tanganyika na mwanamke mwingine, ndivyo kijiji kizima kilivyosema, na mama akaapa jina hilo halitaitwa nyumbani kwake. Ndugu yangu akaitwa Peterson, jina la mhubiri aliyekuwa akipita tu. Kumtaja Gathogo kwetu kulikuwa kujitafutia kiboko.

Mama alimimina chai, akalitazama turubai.

"Ni mwanaume?"

"Ndiyo, Maitu."

"Mkono yake ya kushoto iko aje?"

Chai ilinimwagikia vidoleni. Kwenye fomu nilikuwa nimeandika kwamba mkono wa kushoto ulivunjika chini ya kiwiko zamani, ukaunga ukiwa umepinda.

"Kwa nini unauliza?"

"Tangu niskie kuna mtu hapa sijalala. Baba alianguka kwa mti akitoa asali. Mkono ikapona ikiwa imepinda. Akinibeba, nilikuwa nakaa hapo kwa hiyo kona."

Nikajitia utaalamu, nikamwambia mikono iliyovunjika ni mingi, tungoje maabara. Hakuwa akinisikiliza. Nikafunua turubai upande ule tu. Alipiga magoti, akautazama ule mfupa kwa muda mrefu, kisha akakaa chini kwenye udongo na nguo zake nzuri.

"Hii handaki tulifukia sisi watoto, vita ikiisha. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilileta mchanga na kiondo, tukiimba. Wamucii, mtoto wangu, ni mimi nilimfukia. Na vile nimemtukana miaka hii yote."

Nikakaa kando yake. Mama hakulia. Aliniuliza tu Peterson ana miaka mingapi.

"Hamsini na mbili."

"Mpigie simu. Mwambie anaitwa Gathogo."