Mume wa Ghorofa ya Tisa

Miaka minne Libérata alikataa kugawa nguo za marehemu mumewe. Kwetu watu wa Uvira, Kongo, matanga hayaishi mpaka nguo zimegawiwa, lakini kila tukimkumbusha anasema, "Mwaka kesho." Makoti ya Évariste yakabaki kabatini, ghorofa ya tisa, hapa Dixon, Toronto, ndege zikipita juu ya paa.

Mwaka huu binti yake Joyeuse akapanga siku mwenyewe. Jumamosi mchana tukajaa: sombe ya majani ya muhogo, sambusa, watoto chini ya meza, viatu kutoka mlangoni hadi kwenye lifti. Mdogo wa marehemu akanyoosha mkono achukue koti la kwanza. Libérata akasimama mbele yake.

"Usiguse. Mwenyewe amerudi."

Shemeji akaurudisha mkono.

"Amerudi wapi, Mama Joyeuse?" nikamuuliza. Mlango wangu unatazamana na wake. Mwanamume angeingia humo ningemwona mimi kwanza.

Akamwonyesha Brice, mtoto wa Pulchérie wa ghorofa ya saba, ambaye Libérata humlea wakati Pulchérie yuko kazini.

"Alizaliwa wiki tuliyozika. Juzi kakaa kwenye kiti cha Évariste, kanitazama, kaniambia, 'Mimi mume yako.' Nani alimfundisha?"

Joyeuse akaanza kulia. Pulchérie akajishika kichwa. Mimi nikachuchumaa mbele ya mtoto, mchuzi umemfika masikioni.

"Brice, nani kakwambia wewe ni mume wake?"

Akanijibu kwa Kiingereza, kama wenzake wote wa huku, akinishangaa nisivyojua kitu: ni Libérata mwenyewe humwita hivyo, kila siku. Kisha akamwigiza, mkono kiunoni:

"Karibu mume wangu! Mume wangu, umekula? Mume wangu, vua viatu!"

Jamani! Bibi gani kwetu hamwiti mtoto wa kiume mume wangu? Mtoto wa Toronto hajui utani, kaamini ameoa. Nyumba ikapasuka kwa kicheko, mdogo wa marehemu akakalia sahani ya sambusa.

Ndipo tukakumbuka kumtazama Libérata. Kalikumbatia koti, midomo inamcheza. Nikasema moyoni, tumemuua. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yakimtoka.

"Haya, mume wangu," akamwambia Brice, "nguo zako hizi, tuzigawe?"

Mtoto akafikiri. "Mimi nataka kofia."

"Kofia tu?"

"Na sambusa."

Akampa vyote viwili. Koti akamvika shemeji yake, na nguo zilizobaki akazigawa kwa mikono yake, moja moja, akimsimulia kila mtu Évariste aliinunua wapi na alivyobishana na muuzaji.

Brice naye, kabla ya kuvaa kofia, akaipiga gotini mara mbili, pa, pa. Ndivyo Évariste alivyofanya kila asubuhi akienda kiwandani.

Libérata akanitazama. Nami nikamtazama.

"Hili usilitangaze," akaninong'oneza, uso umemnawiri.

Nikaapa. Ndiyo maana nimewaambia nyinyi tu.